Umbali wa Majina Manne

Siku ile tulikuwepo uani kwetu Busunzu: mimi, wadogo zangu Odeta, Yoeli na Neema, Sifa, kitinda mimba wetu, akiwa mgongoni kwa jirani yetu Mama Febronia, Mama Febronia mwenyewe, na yeye, Kiongozi. Hakukuwa na mwingine. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia alichosema na nilichojibu, ukimwacha Sifa ambaye alikuwa amelala. Mpaka leo nikikutana na Mama Febronia sokoni ananiuliza kama nimeshatimiza. Namwambia bado. Anatikisa kichwa na kuendelea kupanga mihogo yake.

Jina analo, na kanisani kwao limeandikwa. Sisi tulimwita Kiongozi kwa sababu miaka ya kambi nyingi alikuwa kiongozi wa msafara wa malori yaliyopeleka unga na maharage kwa wakimbizi. Siku hizi kila mtu anaitwa kiongozi, hata anayekuuzia vocha. Yeye aliongoza kweli. Lori lake lilikuwa la kwanza na mengine yakamfuata. Alizaliwa upande gani wa mpaka na wazazi wake walikuwa nani, hayo sitayaandika. Nitaandika niliyoyaona, na mengi niliyoyaona yalinichosha.

Nianze na miguu yake. Alikuwa na viatu vya kuendeshea gari, raba nyembamba ambazo soli ilikuwa imelika hadi akikanyaga kokoto anaihisi. Alizivaa akishapanda, akazivua kabla ya kushuka, akazifunga kwenye gazeti na kuziweka chini ya kiti. Alisema soli nene inachelewesha habari. Mimi nilianza kujifunza kwake nikiwa na viatu vyangu vya shule, vile vyeusi vizito, akaniambia nivivue. Miezi mitatu niliendesha peku. Asubuhi za Kibondo zina baridi na pedali ni chuma. Nikilalamika alinijibu, "Buhoro, mwana wanje," yaani polepole mwanangu, kana kwamba kulikuwa na kitu nilichokuwa nikikiharakisha zaidi ya kupata jua.

Alivaa sweta la kijivu mwaka mzima. Hakula akiwa safarini, hata kiazi, kwa maelezo kwamba tumbo likishiba mguu unalala kabla ya mwenye mguu. Alikunywa chai ya rangi kutoka chupa yake na hakumpa mtu. Kwaya ya kanisa ilimvumilia kwa miaka mingi ingawa aliimba nyuma ya wenzake kwa neno zima. Wengine wakisema amina, yeye ndiyo kwanza anafika kwenye Bwana. Akikaa kwenye benchi aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na jirani. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga alifanya hivyo hivyo, na kina mama wakaingia mbele yake mmoja baada ya mwingine, wakamcheka: Kiongozi hata kwenye mahindi anaogopa kugonga. Alirudi nyumbani na unga jioni, akiwa ametoka asubuhi. Mkewe, alipokuwa hai, alikoma kumtuma.

Kitu chake kingine kilikuwa rula, na rula yenyewe ilikuwa yangu.

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, mama alipougua. Alipofariki, baba akabaki nasi mwaka mmoja na miezi kadhaa, kisha naye akafa barabarani, akiwa dereva wa lori, kwa kugonga nyuma ya lori lililokuwa mbele yake katika msafara. Tuliambiwa alisinzia. Kijiji kizima kiliambiwa hivyo na kikatuhurumia kwa namna ya kukwaza, kama wanavyohurumiwa watoto wa mtu aliyejitakia. Nilikuwa na umri wa kupata leseni na wadogo wanne. Nilikuwa nauza chai kwenye kituo cha mabasi, na ile chai haikutosha hata sabuni.

Ndipo Kiongozi alipokuja, siku ile niliyoitaja. Alisema amekuja kunifundisha kuendesha gari. Mama Febronia akauliza kwa malipo gani, maana msichana kufundishwa udereva bure na mwanamume mzima ni jambo ambalo jirani mwenye akili lazima aliulize kwa sauti. Kiongozi hakukasirika. Aliuona mfuko wangu wa shule ukining'inia ukutani, rula ya mbao imechomoza. Akaichukua, akaniambia niweke kidole gumba na cha shahada kama mtu anayetaka kubana chumvi. Akaishika rula kwa juu ikining'inia katikati ya vidole vyangu, mwanzo wa namba ukiwa chini. Kisha akaiachia bila kuniambia. Niliidaka kwenye kumi na sita. Akachukua kalamu akaweka alama. Odeta akajaribu, Neema akajaribu, Yoeli akafinya kabla haijaachiwa na kuapa kwamba hakufinya. Mwisho Kiongozi akanipa rula nimwachie yeye. Aliidaka kwenye kumi na tano, akaweka alama yake pia, akaitazama kwa majivuno ambayo sikutegemea kwa mtu wa sweta.

Kisha akasema malipo yake.

"Sitaki hela. Siku mkono wangu utakapoacha rula hii ianguke, wewe ndiye utakayeniambia. Maneno mawili tu: Kiongozi, shuka. Usitume mtu, usizunguke."

Mama Febronia alicheka, akasema hayo si malipo. Kiongozi akasema atayaona. Nilimwuliza kwa nini mimi. Akasema wengine watamwogopa au watamwonea huruma, mimi sina sababu ya lolote kati ya hayo. Sikuelewa. Nilimjibu, "Nitasema," kwa urahisi ule ule wa mtu anayeitika salamu.

Huo ndio mkataba. Sasa nirudi kwenye ualimu wake.

Alifundisha jambo moja, na alilifundisha mpaka unataka kumrushia chupa yake ya chai. Jambo hilo ni nafasi kati ya gari lako na la mbele. Gia, klachi, kurudi nyuma kwenye kona, hayo alikuachia ujifunze kama mtoto anavyojifunza kutembea. Nafasi aliikazia kila siku. Alisema watu wanadhani breki inaanza mguu unapokanyaga. Haianzi hapo. "Jicho linaona, kichwa kinabishana nalo, mguu unapata habari mwisho. Gari haliwasubiri hao watatu wamalize kikao chao." Mpaka mguu ufike kwenye pedali, gari limeshakula barabara ambayo huwezi kuidai tena, na breki ndiyo kwanza zinaanza kazi.

Wengine wanafundisha kuhesabu namba. Gari la mbele likipita nguzo, unaanza kuhesabu, na ukiifikia ile nguzo kabla ya kumaliza umekaribia mno. Kiongozi hakupenda namba. Alisema mtu aliyechelewa anazikimbiza. Yeye alitaka utaje majina ya wanaokula kwa mkono wako, kwa sauti, kama unayewaita waje mezani. Yangu yalikuwa Odeta, Yoeli, Neema, Sifa. Odeta ni la jicho, alisema, Yoeli ni la mguu, Neema na Sifa ni ya breki. Mvua ikinyesha nitaje mara mbili. Nikiwa na mzigo wa maharage juu, mara mbili pia, na nisimeze mwisho wa jina. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa Makere, kijana mtanashati, akataja wasichana sita. Kiongozi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwa majina hayo ataendesha peke yake barabara nzima, apunguze wawili.

Nilitaja wadogo zangu mara nyingi kuliko nilivyowaita kula. Nilipoajiriwa kuendesha Fuso ya tajiri mmoja wa mazao, nikitoka Kasanda na Busunzu kwenda soko la Kasulu, utingo wangu alidhani nasali. Akaanza kuitikia amina.

Lakini hakuna aliyemfundisha Kiongozi jinsi dunia inavyoichukua nafasi unayoiacha. Ukiacha majina manne, Noah inaingia. Unapunguza mwendo, unaanza upya kwa Odeta, bodaboda mbili zinaingia. Nyuma basi linakupigia honi kana kwamba umelala. Tajiri anapiga simu kuuliza kama nimebeba maharage au mayai. Siku moja nilimwendea Kiongozi nikiwa nimechoka, nikamwambia nafasi yake haikai, kila nikiifungua kuna mtu anaingia na kukaa.

"Akiingia, anza upya."

"Wakiingia kumi?"

"Utaanza mara kumi."

"Nitafika saa ngapi Kasulu, Kiongozi?"

"Utafika," alisema, akamimina chai yake.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na jibu ambalo huwezi kulipinga wala huwezi kulitumia mbele ya tajiri.

Aliilaumu lami. Zamani barabara ilipokuwa ya vumbi, alisema, vumbi lenyewe lilikuwa askari. Ukimganda mwenzako huoni kitu, unameza udongo, kwa hiyo unakaa nyuma usubiri litulie. Mabonde na mashimo yakafanya mengine. Lami ilipofika tulishangilia, na mimi nilishangilia, Fuso haikutoa sauti ya sahani tena. Kiongozi alisimama ukingoni akatazama magari yakipita, akasema wametuondolea askari na hawajaweka mwingine. Nilimwona ni mzee anayelalamikia maji ya bomba. Baada ya wiki chache nikaanza kuona bampa za nyuma zilizobonyea, kila siku moja mpya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimkasirikie, ambalo nilianza kuliona kwa macho kabla ya kulijua kwa habari.

Kiongozi mwenyewe hakuacha nafasi porini.

Nilisafiri naye mara kadhaa kwenda upande wa Kakonko. Kwenye vijiji alitaja majina yake kwa utulivu, mkewe na watoto wake wawili na mama yake. Tukiingia pori, mdomo unafunga. Gari linasogea. Mwanzoni nilidhani hajagundua. Tunakaribia basi la mbele mpaka nasoma maandishi madogo ya kwenye kioo chake cha nyuma, na yeye ameinama kidogo kwenye usukani, mabega yamepanda. Pori likiisha anarudi nyuma taratibu na kuanza kutaja tena, kama mtu aliyekatizwa maongezi.

Nilimwambia. Alisema hapa ni porini.

"Majambazi waliisha zamani, Kiongozi."

"Nani alikuambia? Walikuaga?"

Mtu wa sehemu nyingine anaweza asielewe. Kulikuwa na miaka ambayo hakuna gari lililopita pori lile peke yake. Magari yalikusanyika, askari wenye bunduki wakapanda la mbele na la nyuma, msafara ukaondoka. Na msafara ulikuwa na sheria yake: usiachwe. Ukiacha nafasi, gogo linasukumwa hapo katikati na walio nyuma wanabaki na wenye magogo. Kwa hiyo mlibanana kama ng'ombe wanaopita daraja. Madereva wa kwetu wote wenye umri wa Kiongozi walijifunzia hapo. Askari waliacha kusindikiza magari, majambazi wakatoweka, msafara ukavunjika, lakini ile miguu haikuambiwa. Na wao ndio waliowafundisha hawa vijana wa Noah ambao hawajawahi kuona jambazi. Ukimwuliza kijana kwa nini anamganda mwenzake atakwambia ndivyo gari linavyoendeshwa. Hajui kwamba anakimbia watu ambao hawapo.

Mwaka wangu wa tano barabarani nilikuwa nakula kwa mama lishe Makere, meza moja na dereva mstaafu. Aliposikia mimi ni binti wa nani akasema baba yangu alikuwa na mkono mwepesi kuliko dereva yeyote aliyemjua. Nikamwambia mkono ulikuwa mwepesi lakini macho yalisinzia. Aliacha kula. Akaniambia baba hakusinzia. Lori la baba lilikuwa la pili katika msafara. La kwanza lilikuwa la Kiongozi. Asubuhi ile Kiongozi aliwakusanya akawaambia kuna habari mbaya za porini, mtu asiache nafasi hata ya mbuzi kupita. Wakabanana. Mbele wakakuta gogo. Kiongozi akakanyaga breki. Gogo lilikuwa gogo tu, mti ulioangushwa na upepo, hapakuwa na mtu nyuma yake.

Sikumaliza chakula. Niliendesha mpaka Kibondo nikamkuta Kiongozi anafuta kioo cha gari lake. Nilimwuliza kama ni kweli. Aliendelea kufuta mahali palepale.

"Nilikanyaga breki. Baba yako hakuwa na mahali pa kukanyagia yake. Mahali hapo nilikuwa nimepachukua mimi."

Nilisubiri aseme pole. Nilisubiri aseme kwa nini miaka mitano amenisikia nikisema baba alisinzia, mbele yake, ndani ya gari lake, na akanywa chai. Alikunja kitambaa, akaniuliza kama breki za Fuso zimetazamwa. Niliondoka na sikumsalimia kwa muda mrefu. Watu wakaona. Wengine wakasema nimeota mapembe baada ya kujua kushika usukani. Mimi sikuwaeleza, kwa sababu kueleza kungekuwa kumwambia kila mtu kwamba ualimu wote ule, viatu, rula, majina, ulikuwa ni mtu mmoja anayejaribu kurudisha mita chache za barabara. Na sikujua kama hilo ni la kumdharau au la kumheshimu. Bado sijui.

Niliendelea kutaja majina, hata hivyo. Majina hayakuwa yake.

Odeta akaolewa Kasulu. Yoeli anashona viti. Neema ana watoto wawili na ulimi mkali. Sifa akafaulu, akaingia chuo cha ualimu Kasulu, jambo ambalo katika nyumba yetu lilifanya hata kuku wanyamaze. Muhula huu yuko kwenye mazoezi ya kufundisha, anarudi nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumatatu asubuhi. Na anayempeleka ni Kiongozi. Ana pikapu ya uzeeni, anapeleka parachichi Kasulu na kubeba watu wa kanisa. Tulikuwa tumeshasalimiana tena kufikia hapo, mimi na yeye, bila mtu kuomba radhi. Sifa anamwita Babu. Hakumkuta baba wa kumkumbuka, akamchukua huyu.

Mwezi uliopita Sifa alirudi akicheka. Kwenye tuta moja karibu na Mvugwe, lori la mbele lilipunguza mwendo, na Babu akaligonga, si kwa nguvu, taa moja tu ikavunjika. Babu alisema lile lori halikuwa na taa za breki. Nilimwuliza kama lilikuwa nazo. Alifikiri, akasema zilikuwa zinawaka, dada, ziliwaka kabisa, niliziona mimi kabla yake.

Nilimwambia hapandi tena gari lile. Sifa si mtoto. Aliniuliza kama nimemwambia mwenyewe. Nikamwambia hilo si lake. Akasema ni lake, kwa sababu hadithi ya siku ile ameisikia kwa Mama Febronia mara mia.

"Nikishuka mimi, atapanda mtoto wa mwingine. Mwambie, Dada. Ukimwambia, nitashuka naye."

Neema, aliyekuwa anachambua mchele, akaongeza kwamba mimi naweza kumfokea trafiki mwenye nyota begani lakini naogopa mzee wa raba. Nilimwambia achambue mchele.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kibondo. Rula hukaa kwenye Fuso, juu ya dashibodi, alama za kalamu zimefifia lakini zinaonekana. Nilimkuta Kiongozi uani anapukuchua maharage, sweta lake limelegea mabegani. Nilimwamkia kwa Kiha, mwakeye, akaitikia bila kuinua uso, akanisogezea kigoda. Aliona nilichoshika. Alifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha vidole viwili, kama mtu anayetaka kubana chumvi.

Niliiachia. Ilianguka chini.

Aliitazama rula ilivyolala kwenye maganda ya maharage kana kwamba imeangushwa na mtu mwingine. "Umeachia vibaya," alisema. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuachia vibaya, kwa hiyo nikaiokota nikarudia, kwa uangalifu. Ikaanguka. Alisema ni baridi. Jua lilikuwa linawaka mpaka kuku wamejificha. Mara ya tatu nilimtazama yeye badala ya rula. Aliona ilipoachiwa, macho yake yalishuka nayo, na vidole vikafunga ilipokuwa imeshatua. Vilifunga vizuri, kwa nguvu, hewani.

Nilikuwa na maneno mawili tayari. Nilikuwa nimeyasema ndani ya Fuso njia nzima kutoka Busunzu, kwenye kila nguzo, badala ya majina. Nikasema, "Kiongozi."

Akasema, "Baba yako tulimpima kwa spoki ya baiskeli. Rula hatukuwa nayo. Aliidaka karibu na mkono wangu, ikiwa haijaanza kuanguka sawasawa. Sijaona mwingine."

Niliinama nikaiokota rula.

"Hakusinzia," alisema. "Nilitakiwa kulisema hilo msibani. Nimechelewa."

Alilisema huku akitazama vidole vyake viwili ambavyo bado alikuwa ameviacha vimefungana. Sentensi hiyo ilikuwa imechelewa miaka kumi na saba, na mimi nilikuwa naisubiri tangu siku ile ya Makere. Ningependa niandike kwamba nilishukuru. Nilikasirika. Nilikasirika kwamba ameichagua saa ile, sekunde ile niliyokuwa nimekanyaga mguu mmoja ndani ya neno. Mtu ambaye amekupa ulichokidai miaka yote, huwezi kumnyang'anya ufunguo wa gari ukiwa bado unakipokea. Au labda mwingine angeweza. Labda Neema angeweza. Mimi nilikaa kwenye kigoda na rula magotini, naona jicho limeona, na kichwa kimeanza kubishana.

Akaniuliza, "Ulikuwa na neno, mwana wanje?"

Nikasema hapana. Nilikuwa nimepita kumsalimia.

Alinipa maharage, kikapu kizima, nikayabeba.

Jumatatu niliomba tajiri anipangie mzigo wa asubuhi. Nilisubiri mjini Kibondo mpaka pikapu ilipotoka, nikaifuata. Ndicho ninachofanya sasa kila Jumatatu. Kiongozi mbele, Sifa kando yake, kilemba chake cha njano kinaonekana kupitia kioo cha nyuma juu ya magunia ya parachichi. Mimi nyuma na tani za mazao ya watu. Pikapu ikipita nguzo naanza kutaja. Odeta. Yoeli. Neema. Kwenye jina la nne sauti inapungua, kwa sababu mwenye jina hilo yuko mbele yangu na simwiti kula. Nalitaja hata hivyo, mpaka mwisho, na nguzo ndiyo inafika. Nafasi iko sawa. Kiongozi angekuwa amekaa kando yangu asingekuwa na la kusahihisha.

Lakini nafasi hii inanizuia mimi nisiwagonge wao. Kwa kilicho mbele ya pikapu haifanyi kitu. Jumatatu iliyopita, tulipoingia kwenye kipande cha miti kabla ya Makere, kipande kifupi ambacho hakijawahi hata kuwa na majambazi, niliona mabega ya Kiongozi yakipanda. Kulikuwa na basi mbele. Pikapu ikasogea, ikasogea, mpaka basi likawa kama limeifunga kwa kamba. Nikamwashia taa. Nikamwashia tena, mara tatu, nne, arudi nyuma.

Kiongozi akadhani namsalimia. Alitoa mkono wa kulia dirishani, wote, mpaka bega, akanipungia, na kilemba cha njano kikageuka na Sifa naye akanipungia.

Nilishika usukani. Nilikuwa nimeshakanyaga breki, ingawa hakukuwa na kitu mbele yangu isipokuwa majina manne ya lami tupu.

Jumatano ni siku ya soko. Mama Febronia atakuwa pale na mihogo yake, ataniuliza, na nitamwambia bado.